Mwaka Nilipomlaza Jaji

Mama Kanini hakupiga simu kulia. Alipiga kuuliza kama ile piano bado inaweza kushuka ngazi. "Baba Kanini ametutoka," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua, "na Alhamisi tutakuwa na ibada hapa mtaani kabla hatujampeleka Machakos. Nataka utupigie. Na usikuje na ile ya stima, Nekesa. Kuja na ile yenyewe." Nikamwambia pole. Nikamwambia pole tena, kwa kuwa sikuwa na neno lingine. Kisha nikaketi kwenye kigoda changu cha kupigia nikamlilia Nzioka, huyo Baba Kanini, kwa muda mrefu, yule mchonga twiga aliyeniharibia piano mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na ambaye kwa kuniharibia akanipa kazi ninayoifanya hadi leo. Siku hiyo ya simu bado nilikuwa naamini kwamba aliiharibu.

Kazi yenyewe ni ngumu kuieleza, hasa hapa Tassia, Nairobi, ambapo piano hiyo imeegemea ukuta wa sebule yangu kwenye ghorofa ya tatu. Natunga muziki wa piano wa polepole. Hauna maneno, hauna ngoma, na noti zake ni chache kiasi kwamba ukienda jikoni kuzima maji yanayochemka utarudi hujapitwa na kitu. Naurekodi mwenyewe nikiwa nimeziba dirisha kwa godoro, nautoa mwenyewe bila kampuni yoyote, na wanaousikiliza wako miji ya mbali ambayo sijaiona. Majirani zangu ni watu wastaarabu. Kea-teka, mtunzaji wa jengo letu, huniuliza kwa heshima, "Madam, hiyo mashine ukimaliza kuijaribu, utatuchezea siku gani?" Shangazi yangu aliwahi kuwaeleza watu kanisani kwamba mimi hutengeneza nafasi iliyo kati ya nyimbo. Na wale wasikilizaji wa mbali wananiandikia barua nzuri sana, wengi wao wakinishukuru kwa kuwa hawajawahi kuusikia wimbo wangu wowote hadi mwisho. Wanalala. Wanaweka muziki wangu, wanalala, kisha asubuhi wananiandikia. Kwa miaka mingi jambo hilo liliniuma, na niliumwa zaidi na kujua kwamba lilianza zamani, mbele ya umati, mwaka wa tisini na tatu.

Habari za ukoo wangu, nani alitoka Bungoma na kwa nini, nitaziacha. Zina wenyewe wanaozisimulia kwa kelele kila Krismasi. Ninachotaka kukueleza ni ukumbi. Mtaa wetu ulikuwa wa nyumba za baraza la jiji, chumba kimoja kimoja, paa moja juu ya familia sita, upande ule wa Jogoo Road, na katikati yake palikuwa na ukumbi wa mawe wenye paa la mabati. Asubuhi chumba chake cha nyuma kilikuwa shule ya chekechea. Jioni ukumbi wenyewe ulikuwa wa mabondia. Jumapili ulikuwa kanisa letu, na kama mabondia walisahau mfuko wao wa mazoezi ukining'inia, mhubiri alihubiri akiwa kando yake, na mara nyingine alipopandwa na Roho aliupiga. Piano ilikuwa pembeni ya jukwaa. Hakuna aliyejua nani aliileta. Ilikuwa ya kahawia, ndefu kwenda juu kama kabati, yenye alama nyingi za vikombe vya chai, na panya walikuwa wamekula nguo yote iliyofunika nyundo zake, zile nyundo ndogo za ndani zinazogonga waya. Kwa hiyo mbao tupu ilikuwa inagonga waya mtupu. Ukibonyeza kibao kimoja tu ulisikia kama sufuria imeanguka kutoka rafu ya juu, na ukipiga wimbo mzima zilianguka zote.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeketi nyumbani kwa shangazi, natazama dari. Shuleni mwalimu mmoja alikuwa amenifundisha piano, nikajua kusoma noti na nyimbo kama ishirini za tenzi, na hizo zilinitosha kuajiriwa na Mwalimu Makokha. Huyu alikuwa karani wa reli na kiongozi wa kwaya, mtu mfupi aliyevaa tai hata akienda kuoga, nasema hivi kwa kuwa nilimwona. Mfukoni mwa shati, pamoja na kalamu nne, alibeba kile kichuma chenye meno mawili cha kutafutia sauti. Akikutana nawe njiani alikigonga kwenye goti, akakisikiliza, kisha ndipo akakusalimu. Aliamini kwamba wimbo usiosikika mpaka kituo cha basi haujafika kwa Mungu pia. Mshahara wangu ulikuwa chai ya maziwa na mandazi mawili baada ya mazoezi, na funguo za ukumbi. Funguo ndizo nilizozitaka. Kila siku ya kazi, saa tatu asubuhi mpaka saa saba, nilijifungia na ile piano nikaangusha sufuria. Nilikuwa na furaha kuliko mtu yeyote mtaani. Sikuwa na kingine chochote, wala kazi wala mpango, na nilijua vizuri kwamba siku nitakaponyang'anywa zile funguo nitarudi kutazama dari.

Nyuma ya ukumbi, hatua nne kutoka ukuta wa jukwaa, ndiko walikoishi Nzioka na mkewe na mtoto wao mdogo, Kanini. Nzioka alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii, akikaa kwenye kibanda chake cha mabati kilichoshikana na nyumba, miguu imezama kwenye takataka za mbao. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mkono wake haukujua kunyamaza. Ukimpa mwiko akurekebishie mpini, ulirudi na uso wa swara. Mama Kanini alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha biskuti huko Industrial Area. Alirudi saa moja asubuhi akinukia vanila, macho mekundu, na mfuko wa biskuti zilizovunjika ambazo wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua. Mara nyingi, nikiwa katikati ya mazoezi, nilimwona dirishani amejifunga leso kichwani mpaka kwenye nyusi, akinitazama. "Unatia bidii, mwanangu," alisema. "Unatia bidii sana." Akaniwekea vipande vya biskuti dirishani akaenda zake. Nilipiga kwa nguvu zaidi nikijua nina shabiki.

Mwezi wa Mei Mwalimu Makokha alinionyesha jinsi Haleluya inavyopaswa kupigwa, akavunja nyundo mbili. Mashindano ya kwaya za makanisa ya upande wetu yalikuwa yafanyike Agosti, kwenye ukumbi wetu wenyewe, na Mwalimu alikuwa ameapa kushinda. Fundi wa piano hatukumjua, na fundi wa mbao alikuwa mmoja, hatua nne kutoka hapo. Nzioka akaja, akafungua kifua cha piano, akachungulia. Akapiga mluzi mdogo. "Hizi zote ni vichwa," akasema. "Vichwa themanini na nane, na hakuna hata kimoja kina ngozi." Akaomba apewe wiki mbili, aziponye zote. Mwalimu akafurahi, akamgongea kile kichuma chake gotini kama baraka.

Hizo wiki mbili nazikumbuka vizuri kuliko harusi yangu. Nzioka alitoa nyundo zote, akazipa namba kwa penseli, akazipanga kwenye meza kibandani mwake. Alikwenda kwa binamu yake anayeshona viatu Kariokor, akarudi na ngozi laini ya mbuzi, blanketi kuukuu la kijivu na kopo la gundi ya viatu. Kazi yangu ilikuwa kukata vipande, yake kubandika. Mchana tulikula muthokoi uliolala, uliopashwa kwenye jiko lake la makaa, mahindi na maharagwe na mafuta kidogo juu, na yeye alinifundisha kutafuna polepole. "Unakula kama unafukuzwa," aliniambia. "Nani anakufukuza?" Kila tulipomaliza nyundo kumi alizirudisha ndani ya piano, akanituma nje nisikilize yeye akibonyeza vibao. Sikupelekwa kituo cha basi, ambako Mwalimu angenipeleka. Nilisimama dirishani kwa nyumba yake mwenyewe, sikio likiwa ukutani.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Kanini. Lakini kidogo kuliko jana."

Alitikisa kichwa, akazichomoa zile nyundo kumi, akazibandika ngozi nyingine juu. Akanituma tena. Nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa, kwamba sauti inazidi kupungua. "Ngozi ikikauka itakaza," akasema, bila kunitazama. Nilimhurumia. Niliona ni mtu mzuri aliyeingia kazi asiyoijua, na kwa kuwa alinilisha kila mchana sikuwa na moyo wa kumshtaki. Mwishowe kila nyundo ilikuwa na blanketi moja na ngozi mbili, zimeshonwa na kupigwa msasa mpaka zikawa laini kama mashavu ya mtoto. Ile ya mwisho kabisa upande wa kulia aliichonga masikio.

Jumamosi kwaya ilikusanyika, watu ishirini na wawili, Mwalimu Makokha mbele yao, tai imenyooka. Mabondia walikuwa wamemaliza mazoezi wakabaki kutazama. Mwalimu aliinua mikono miwili. Nikapiga. Akaendelea kuinua mikono.

"Nekesa, anza."

"Nimeanza, Mwalimu."

"Umeanza wapi?"

Akasogea, akaweka sikio lake kwenye mbao ya piano kama daktari. Nikapiga tena, kwa nguvu zangu zote, mpaka kucha zikauma. Kutoka ndani ilitoka sauti laini, ya chini, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika shuka. Otis, kapteni wa mabondia, aliyekuwa ameketi kwenye kamba za ulingo akifungua bendeji za mikono, aliona huruma. "Manze Neke," akasema, "hiyo kitu yako imeshikwa na homa. Ipatie Panadol." Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa mimi na Mwalimu. Nzioka alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Mwalimu akamgeukia, akamwambia kwa Kiswahili chake cha taarifa ya habari kwamba alikuwa ameombwa kutengeneza ala ya kumsifu Bwana na badala yake ameinyonga, na kwamba abandue ngozi hiyo yote kabla ya Jumatatu. Nzioka akajibu kwamba haiwezekani. Gundi ya viatu haibanduki, ukivuta ngozi itang'oa kichwa kizima. Kuanzia siku hiyo alipewa jina la Fundi wa Twiga. Akina mama walilisema kwenye bomba la maji naye akipita. Hakujitetea hata siku moja.

Hapo ndipo kabati likaingia. Mama Priska, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alikuwa amelililia kabati la vyombo kwa miaka mingi, na sasa aliona mbao nzuri iliyokaa bure. Alikuja na utepe wa kushonea nguo, akaipima piano huku na huku nikiwa nimeiketia. "Sahani huku, chupa za chai huku," akaniambia, "na hapa kwa hivi vibao tunaweza kuweka vijiko." Kamati ikaketi. Iliamuliwa kwamba piano ingengoja mpaka mashindano. Ikituongoza vizuri itabaki piano. Isipotuongoza itakuwa kabati, na atakayeikata ni Fundi wa Twiga mwenyewe, ili alipe alichoharibu. Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula. Shangazi akaniuliza nani amenipa mimba.

Basi nikawa na wiki tisa. Nilijaribu kwanza kuilazimisha piano kupiga kelele. Haikukubali. Nilipochoka kuilazimisha, nilianza kubonyeza kibao kimoja, nikingoja kuona kitaishia wapi. Zamani noti zilikufa papo hapo, zimeumia. Sasa zilikaa. Zilizunguka ndani ya ile mbao, zikafifia polepole sana, na zilipokuwa zinafifia nilisikia vitu ambavyo sikuwa nimevisikia mwaka mzima: mabati yakinyooka kwa jua, watoto wa chekechea wakihesabu nyuma ya ukuta, mguu wangu kwenye kanyagio, pumzi zangu. Niliweka noti ya pili baada ya watoto kufika kumi. Niliweka ya tatu walipokosea na kuanza upya. Siku nne baadaye nilikuwa na wimbo wa kwanza niliotunga mwenyewe, na nilikuwa nalia kwa furaha, peke yangu, mchana kweupe, mikono ikinuka gundi ya viatu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na ningemwambia nini, kwamba nimepata mdundo mpya unaofuata watoto wanaoshindwa kuhesabu? Nilichojua ni kwamba ikigeuzwa kabati, muziki huu utakatwa nayo, kwa kuwa hakuna piano nyingine duniani yenye koo kama ile. Mama Kanini hakuja tena dirishani mchana. Nilidhani nimempoteza shabiki. Lakini aliacha biskuti hapo kila asubuhi kabla sijafika, na jambo la kushangaza ni kwamba mwezi ule biskuti zikaanza kuwa nzima, zile za krimu katikati. Nilidhani kiwanda kimebadilisha utaratibu.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumapili ya pili ya Agosti. Mama Priska alikuwa na mkakati wake. Kwa kuwa sisi ndio wenyeji, majaji watatu wangelishwa kwetu, na wangelishwa muda mfupi kabla ya kwaya yetu kupanda, ili shukrani iwe bado moto. Wakapewa pilau. Wakapewa kuku na chapati. Jaji mkuu, mtu mnene mpole kutoka kanisa la mbali, aliongezwa mara tatu, na alipokataa ya nne aliambiwa atawavunja moyo waliopika. Akala. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Mwalimu Makokha aliitoa mbao ya mbele ya piano ili sauti ipate njia, akaiambia kwaya, "Leo tunaimba kwa unyenyekevu," jambo ambalo hawakuwa wamewahi kujaribu, na baadhi yao walionekana kuogopa.

Nilikuwa na utangulizi mfupi, mistari miwili, kisha Mwalimu awaingize. Nikapiga mistari miwili. Hakuwaingiza. Alikuwa ameinua mikono, uso umekunjamana kwa kusikiliza, na hakusikia nilipomalizia. Sikuweza kunyamaza, kwa hiyo nikairudia, polepole kidogo. Bado. Nikairudia tena. Watu waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza ili wasikie kama kuna kitu, halafu wakasikia, halafu wakanyamaza zaidi. Sijawahi kuona watu mia tatu wa Eastlands wametulia namna ile. Mtoto mmoja mgongoni aliacha kulia. Na mimi, badala ya kuogopa, nikausahau utangulizi wa Mwalimu nikaingia kwenye wimbo wangu mwenyewe, ule wa watoto wanaohesabu, nikaupiga wote. Katikati yake nikasikia sauti nyingine, nzito, ya chini, ikija na kuondoka kwa mpangilio mzuri. Nikageuka. Jaji mkuu alikuwa amelala, kidevu kifuani, kalamu mkononi, anakoroma. Kwaya ikadhani hiyo ndiyo ishara. Wakaingia, na hadi leo nashikilia kwamba akina baba wa sauti ya nne walichukua noti yao kutoka kwa yule jaji. Jaji akaruka, kikombe cha chai kikamwagikia karatasi za alama, na kwaya tatu zilizotangulia zikalazimika kuimba upya.

Tukawa wa mwisho. "Umelaza jaji," Mwalimu aliniambia nje, na hakuwa na hasira, alikuwa mtu aliyevunjika. "Miaka thelathini nafundisha kwaya. Sijawahi kulaziwa jaji." Kesho yake watoto wa mtaa walinifuata wakiniimbia bembeleza mtoto, na Otis akaniita Neke Chloroform, jina lililodumu mpaka nikaolewa. Niliona aibu kiasi kwamba nilitamani kuhama Nairobi. Lakini nilijua kitu kingine pia, nacho kilinitisha zaidi ya aibu. Kabla ya ule mkoromo, kwa dakika tatu hivi, watu wote wale walikuwa wananisikiliza.

Jumatatu saa tatu Nzioka alikuja na msumeno. Nilikuwa nimeketi kwenye piano na funguo nimezificha ndani ya soksi. Nilimwambia aanze na mimi. Aliuweka msumeno chini, akaketi kando yangu, akafungua kifuniko akaziangalia zile nyundo zake kwa muda. "Wewe unataka kuwa na hii kitu?" akauliza. "Si ya kanisa. Yako." Nikamwambia naitaka kuliko kitu chochote. Akainuka, akaenda kwa kamati, akawaambia kwamba ameikagua ile mbao na ina dudu. Kabati litadondosha unga kwenye sukari. Yeye atawatengenezea jingine, la mvule safi, yeye mwenyewe, na hilo gogo bovu alitupe. Mvule huo alikuwa ameuweka kibandani miaka mitatu akingoja oda kubwa ya vifaru. Aliutumia wote. Kabati likatoka na mishikio ya shingo za twiga, Mama Priska akalia kwa furaha, na mpaka leo liko kanisani na chupa za chai ndani yake. Piano haikuwa na dudu hata mmoja.

Ilikosa pa kukaa, kwa kuwa shangazi alisema itaingia nyumbani kwake yeye akitoka. Otis na mabondia wanne wakaibeba. "Wapi sasa, mzae?" Otis akauliza, mishipa imemtoka shingoni. Nzioka akaelekeza kibanda chake. Aliondoa meza na magogo, akaisukuma mpaka ikashikana na ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo palipokuwa kitanda chao. Nikasema nitawasumbua, bora iwe upande ule mwingine. Mama Kanini akatoka akiwa na leso kichwani. "Iwekeni hapo hapo," akasema. "Mnasikia? Hapo hapo, ukutani." Nilidhani anaokoa nafasi ya kuanikia nguo. Nikapiga hapo miaka mitano, Nzioka akichonga nyuma yangu, mpaka nilipopata kazi ya kufundisha na chumba changu mwenyewe.

Alhamisi ya ibada, Otis aliniletea vijana sita wa klabu yake. Sasa ni kocha mwenye tumbo na mjukuu, lakini alisimama kwenye ngazi akiwaamrisha kana kwamba yeye ndiye anayebeba. Tuliifikisha salama, tukaiweka chini ya hema mbele ya ukumbi, karibu na jeneza. Mwalimu Makokha ndiye aliyeshika ratiba. Ana miaka themanini na zaidi, kifaa cha kusikia kwenye kila sikio, tai. Alinigongea kichuma chake kwenye goti, akasikiliza, nadhani hakusikia kitu, akanisalimu. "Dakika nne, Nekesa. Baada yako kuna mwakilishi wa mheshimiwa, na hao hawapendi kungoja."

Nilimkuta Mama Kanini chumbani kwake, kile kile, ameketi kitandani kando ya ukuta. Alikuwa amepungua sana. Kanini, ambaye sasa ni mwanamke wa makamo, alikuwa akimbembeleza anywe chai. "Hajalala siku tisa," akaniambia. "Anafumba macho tu." Nikaketi, nikamshika mkono, na kwa kuwa sikujua la kusema nikaanza kumsifu marehemu. Nikasema sitasahau jinsi alivyovumilia lawama kwa kosa lile la nyundo, mtu wa watu, aliyekosea bila kukusudia.

Mama Kanini akanitazama. "Kukosea?" akasema. "Nekesa, wewe mpaka leo unadhani alikosea?"

Ndipo akaniambia. Mwaka ule, kabla ya ngozi, alikuwa halali. Anatoka kiwandani saa moja, anaoga, anamwandaa mtoto, anajilaza saa tatu, na saa tatu hiyo hiyo sufuria zinaanza kuanguka hatua nne kutoka kichwani mwake. Alijifunga leso masikioni. Alikuja dirishani mara ngapi sijui akiwa na nia ya kuniambia ninyamaze. "Nakuangalia, nakuona vile umefurahi, maneno yananiisha, nakuachia biskuti," akasema. "Siku moja nikalala kwa mashine, ikabaki hivi nipoteze kidole. Nikamwambia Baba Kanini, huyu msichana nitamkataza leo. Akasema, usimkataze. Ako na hiyo kitu moja tu. Ngoja tumpunguzie."

Nikamwona upya Nzioka wa siku ile, mlangoni na kofia mkononi, akiitwa Fundi wa Twiga, na kumbe kazi yake ilikuwa imetoka sawasawa kama alivyoipima, sikio langu mwenyewe likiwa kipimo. Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata baadaye. "Angekuambia, ungeona aibu uache," akasema. "Na mimi nilikuwa nimeshaanza kulala vizuri. Ukikosa kuja nilikuwa naamka nauliza, huyu mtoto ni mgonjwa?"

Nikatoka nikaketi kwenye piano. Macho yalikuwa yamejaa, sikuona vibao, nikaanza kwa kupapasa. Nilipiga ule wa watoto wanaohesabu. Nimeupiga mara elfu, na siku hiyo ndipo nilipojua nilikuwa nampigia nani. Mama Kanini alikuwa ameletwa akaketishwa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini. Nilipofika katikati nikamwona kichwa chake kinainama. Kikainuka. Kikainama tena, kikatua begani kwa Kanini na kikabaki hapo, mdomo wazi kidogo, na nikasikia anakoroma, taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani.

Dakika nne zikaisha. Mwakilishi wa mheshimiwa akasimama, akarekebisha koti, akashika maikrofoni. Mwalimu Makokha akainuka na ratiba yake, akaniinulia mkono kunikatiza, kisha akaona nilichokuwa nikitazama. Alimwangalia yule mjane. Aliniangalia mimi. Akamwendea mheshimiwa mdogo yule, akamshika bega akamketisha, akaichukua maikrofoni akaizima mwenyewe. Halafu akatoa vifaa vyake viwili vya masikio, akavitia mfukoni na kalamu, akaketi. Nikaendelea kupiga. Nilipiga karibu saa nzima, wimbo ukiisha naufungua mwingine polepole asisikie mahali ulipoungwa, na watu wote wa mtaa walikaa kimya na jua likahama kutoka jeneza mpaka kwenye miguu yangu. Hakuna aliyeniuliza wimbo utaanza lini.